Springi za Gari la Petro

Jumatatu, 3 Novemba 1952
Nimepeleka karanga mjini, nimerudi Kwihara. Tumbo la gari limekwama tena kwenye tuta la katikati ya njia, pale mbugani. Shemeji Kasimili kanikuta nachimba. Kasema mvua zikianza, nikikwama hata mara moja, analichukua gari la marehemu kaka yake. Kwa lipi? Petro, mume wangu, alinifundisha kuendesha mimi, si yeye. Sitoi ng'o.

Jumanne, 4 Novemba
Kwa fundi Mwinshehe, Mtendeni. Mzaramo, mtani wetu, kwa hiyo matusi kwanza, kazi baadaye. Gari liinuliwe vipi? Magurudumu makubwa yatakwangua bodi kila nikikata kona. Vipande vya mbao ya mninga kati ya ekseli na springi: linainuka sana, ila vikichomoka njiani nimekwisha. Kuongeza majani ya springi, yale mabapa ya chuma, ya lori bovu: linainuka kiasi, lakini linakuwa gumu. "Likiwa tupu litakurusha mpaka darini, Mnyamwezi wee, bila mzigo hamjui kutembea." Nikacheka. Aongeze majani.

Alhamisi, 6 Novemba
Gari liko juu ya magogo, halina magurudumu. Kasimili kaja na vijana wawili kulichukua. Hata mvua hakungoja! Mwinshehe akapanda, akashika usukani. "Mali ya mtani wangu nimeikamata. Leta mbuzi ndipo nishuke." Mtaa mzima ukacheka. Mtani hakasirikiwi, na Kasimili anaijua mila kuliko mimi. Bahili yule, atoe mbuzi? Kaondoka. Mimi nimempelekea Mwinshehe jogoo, kanitukana vizuri.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimelijaribu tupu. Kichwa kimegonga dari, ulimi nimeuma. Nilidhani ni utani, kumbe ulikuwa ushauri. Najuta kidogo. Sirudi nyuma. Sitaliendesha tupu tena, basi.

Jumatano, 19 Novemba
Mvua tangu juzi. Magunia mpaka juu. Mbugani Kasimili alisimama ukingoni na ng'ombe na minyororo, tayari kunivuta mbele ya watu. Sikupunguza mwendo. Tope lilifika kwenye ekseli. Tumbo halikugusa. Nimepita.

Alhamisi, 20 Novemba
Asubuhi nimemkuta Kasimili njiani, miguu imejaa tope, anakwenda mjini. Nikasimama. Akazunguka, akapanda upande wa abiria. Sokoni akashuka, akaniuliza narudi saa ngapi. Jioni nilimkuta palepale, ananisubiri.