Kibuyu cha Mama Hakikuwa Tunguli

Kirumba, Mwanza
Jumapili asubuhi

Kaka Athumani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitufundisha kumwamkia mkubwa hata kama tumenuniana, si kwa sababu nina hamu ya kukujulia hali. Natumaini wifi na watoto ni wazima na mvua imewafikia hapo Misima. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado yuko kwenye kiwanda cha samaki, anarudi zamu akinuka sangara hadi kwenye nywele, lakini mshahara unatoka. Mimi naendelea na kazi ileile ya kompyuta pale stationari. Basi, salamu zimeisha. Sasa kaa chini usome mwenyewe, usimpe mtoto akusomee, maana humu kuna maneno ambayo sitaki ayasikie kuhusu baba yake.

Juzi aliingia mteja, mzee mmoja mganga wa Sengerema, mpole wala hana makuu. Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaniambia, "Binti, nataka tangazo kama hili. Nililibandua stendi ya Korogwe nilipokuwa natoka Tanga. Herufi ziwake hivihivi, na mimi mwenyewe uniwashe kama ulivyowashwa mwili wa huyu bibi."

Nikaitandaza karatasi mezani. Kaka, nilikuwa namtazama mama yangu.

Mama yetu na kanga yake nyeupe, kibuyu mkononi, mwanga wa njano umemzunguka kichwa. Juu yake pameandikwa BIBI WA MISIMA, MGANGA WA TUNGULI KUTOKA HANDENI. Chini yake uzazi, mapenzi, kesi, nyota ya biashara, mume aliyekimbia arudi mwenyewe analia. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: aonwe kupitia kwa msaidizi wake, Athumani. Msaidizi wake! Mwanamke yule amekusaidia wewe tangu unajifunza kutembea, leo umekuwa msaidizi wake kwenye nini?

Yule mzee aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia kompyuta imegoma, aje siku nyingine, lakini karatasi naomba aniachie. Akaniachia. Nilikwenda uani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, mpaka bosi akanifuata kuuliza kama nimefiwa.

Usinidanganye kwamba ni bibi mwingine amefanana naye. Kazi ile ni yangu. Mimi ndiye niliyempiga mama picha ile siku ya kupanda, nilipokuja likizo na kamera ya bosi. Alikuwa ametoka ndani na kibuyu cha mbegu, si tunguli ya dawa za mganga: mahindi aliyoyachanganya na majivu yasiliwe na wadudu, kama anavyofanya kila mwaka. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unanoa jembe. Nilimwambia, "Mama, simama hapohapo," akacheka akasema, "Ngoja basi nivae kanga safi, nisije nikaonekana kama nimetoka shambani." Akaenda kuvaa ile nyeupe ya Iddi. Kibuyu hakukiweka chini, alisema mbegu haiachwi mlangoni kuku wakaja.

Niliporudi huku nilikaa na picha hiyo kila nikimaliza kazi za wateja. Wewe hujui kazi ile ikoje, kwa hiyo nitakuambia. Herufi haiwaki tu kwa kubonyeza. Unaiandika, unatengeneza nakala yake unaiweka chini, unaipaka njano, halafu unaivuruga kingo polepole mpaka rangi ivuje pembeni kama mwanga wa karabai. Na haiwaki kwenye cheupe. Lazima nyuma uweke giza. Ndiyo maana niliutoa ukuta wa nyumba yetu na mlango na kuku wote, nikaweka weusi mtupu, mama akabaki peke yake anang'aa. Nikakiwasha kibuyu pia, nikawasha vidole vilivyokishika, kimoja kimoja. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto nilikisahau. Kwenye karatasi ya yule mganga kidole hichohicho kiko gizani. Juu yake mimi nilikuwa nimeandika MAMA, basi. Neno hilo tu.

Nilimtumia picha ikiwa kwenye fremu, na sidii yake nikakukabidhi wewe, ili fremu ikivuja maji ya mvua uweze kuchapisha nyingine Korogwe. Niliacha faili wazi, kila kitu kwenye tabaka lake, kiweze kubadilishwa peke yake, kwa sababu nilimwamini kaka yangu. Kumbe nilikuwa nakurahisishia. Vijana wa stendi walifuta MAMA wakaandika uchafu wao mahali pake, na mwanga wangu ukabaki palepale.

Nilimpigia Mwalimu Salehe, jirani yetu, akampelekea mama simu. Kwanza nilidhani mama hajui. Anajua, kaka, na amechoka. Akaniambia watu wanakuja kutoka Mnyuzi, kutoka Kang'ata, wanakaa uani tangu asubuhi na kuku wa miguu iliyofungwa. Anarudi shamba na jembe begani wanampigia magoti. Akisema, "Jamani mimi mkulima," wewe unawaambia, "Bibi hapendi kujisifu, mizimu imemkataza." Akinyamaza kwa hasira unawaambia anasikiliza. Sasa mama aseme nini ambacho hutakigeuza?

Halafu akanieleza habari ya yule mama wa Kimasai aliyetembea kutoka malishoni na mtoto mgongoni, homa imempanda mpaka macho yanapinduka. Umemkalisha chini ya paa la jiko anamsubiri bibi atoke shamba! Mama alipofika akamshika mtoto shingoni, akatupa jembe. Akamwambia yule mwanamke, "Mwanangu, mimi sina dawa. Mtoto huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi." Wewe ukasimama mlangoni ukasema, "Bibi anakujaribu imani." Mbele ya mtoto anayekakamaa! Kama si Mwalimu kuwasha pikipiki yake akawapeleka, mtoto yule angefia kwenye jiko la mama. Amepona, namshukuru Mungu, wala si wewe wa kushukuriwa.

Najua utakachosema, maana nimekisikia mara nyingi. Utasema mkonge ulikufa, shamba mlilokuwa mnafanyia kazi likauzwa, mkapewa barua na mkono wa kwaheri, na siku hizi ni biashara huria, kila mtu anajitangaza. Sikatai kwamba ulidhulumiwa. Nililia na wewe uliporudi Misima na godoro lako kichwani. Lakini kupunguzwa kazi ndiko kulikokufundisha kumtoa mama uani umfanye bidhaa? Ungejiweka wewe kwenye hiyo karatasi. Ungevaa kaniki, ukajipaka masizi, ukashika tunguli, nami ningekuwashia jina bure mpaka lionekane Tanga mjini. Hukufanya hivyo kwa sababu unajua mganga akishindwa nani hufuatwa.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kaka, zaidi ya picha. Mimi naishi Usukumani. Huku bibi mwenye macho mekundu hahitaji kuiba wala kutukana mtu. Macho yake ni ya moshi wa jiko tu, lakini mtoto wa jirani akifa wanamwita mchawi, wanamjia na mapanga. Nimeona nyumba ya bibi mmoja imebaki na mlango wazi na hakuna aliyethubutu kwenda kuufunga. Utasema Handeni si huku. Mama yetu ana macho gani, kaka? Amepuliza kuni miaka yote ili sisi tule, na wewe umemwandika kwa herufi zinazowaka kwamba ana uwezo. Siku mtoto wa mtu atakapofia pale uani, hawatasoma jina la msaidizi.

Mama amehamia kwa mama mdogo, hataki kulala nyumbani kwake mwenyewe. Hilo unalijua, ila kwenye barua yako ya mwisho ukaniandikia "mama hajambo, anakusalimu." Aliniuliza swali moja tu kabla salio halijaisha: "Zuhura mwanangu, ile taa uliyonizungushia, haiwezi kuzimwa?" Nilimjibu kwamba kwenye kompyuta naizima mara moja. Akasema, "Na ukutani?"

Jibu ni wewe. Ndani ya kifurushi hiki, nilichompa kondakta wa basi, kuna karatasi nilizochapisha jana. Ni picha ileile, ila nimerudisha ukuta wa nyumba, mlango na kuku. Mwanga nimeufuta wote. Juu nimeandika MAMA HUYU NI MKULIMA. ALICHOSHIKA NI MBEGU. Chini nimeandika MGONJWA APELEKWE HOSPITALI. Herufi ni nyeusi, nene, za kawaida. Nilipompigia tena, mama mwenyewe alikubali nitumie uso wake mara moja hii. Chukua uji wa muhogo uwe gundi, nenda stendi ya Korogwe, nenda Mnyuzi, nenda Kang'ata, popote ulipobandika zile zako, uzifunike moja baada ya nyingine. Sidii yangu mpe Mwalimu anitunzie. Nakuja mwisho wa mwezi, na ile fremu nitarudi nayo huku.

Nisalimie wifi, mwambie simlaumu, najua anavyokuogopa ukishaamua jambo. Watoto wabusu, waambie shangazi yao anawaletea dagaa. Mwalimu Salehe mpe shikamoo yangu na asante isiyokwisha, kwa simu na kwa pikipiki. Mama mdogo mwambie uji anaompa mama naujua utamu wake. Mama sikutumii salamu zake, nitampa mwenyewe.

Jambo la mwisho. Kazi hii imenifundisha kwamba karatasi isiyowaka watu huipita. Kwa hiyo usibandike ukaondoka. Siku ya gulio simama pembeni yake, kila anayeuliza habari za Bibi wa Misima mwambie kwa mdomo wako kwamba yule ni mama yako na wewe ulidanganya. Wewe mwenyewe ulijiandika msaidizi wake. Sasa msaidie.

Ni mimi mdogo wako, bado ni mdogo wako,
Zuhura