Baba Amekuja Kuiona Bahari

Mikindani,
Mombasa.
Tarehe 18 Agosti, 2024.

Mpendwa dada Mercyline,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku Pwani. U hali gani huko Minnesota, na mgongo wako unaendeleaje? Kuinua wazee wa watu huko kazini mchana kutwa si mchezo, kwa hiyo usijifanye chuma. Huku ni msimu wa baridi, yaani baridi ya Mombasa, ile ya kukumbuka kwamba shuka ipo. Najua utanicheka.

Sisi hatujambo. Mke wangu Lynnette anakusalimu sana. Kerubo wetu ameota meno mawili na sasa anatafuna kila kitu, hata kola ya shati langu la kazini.

Barua hii ataileta Sarah wa kanisani kwetu, anayesafiri kuja huko. Ningekupigia simu, lakini wewe na simu nakujua: kabla sijavuta pumzi umeshaniamulia na kukata. Nisome mpaka mwisho, tafadhali.

Baba alifika salama Jumatatu kwa basi la usiku kutoka Kisii. Alikuja na mkungu wa ndizi, mfuko wa maparachichi na ile miwani myeusi uliyomtumia. Hapa mtaani wameulizana kama ni askari kanzu. Yeye amefurahi, maana unakumbuka jinsi alivyotufundisha bahari ubaoni darasa la tano, na mwenyewe hajawahi kuiona.

Kulala analala kwa Mama Mwanasaumu, mwenye nyumba wetu. Wewe huenda umeshazoea ya huko, lakini Baba ni Mgusii yule yule. Nyumba ya mwanawe aliyeoa haingii, na Lynnette hawezi hata kumpa mkono. Mama Mwanasaumu alipoelezwa hakushangaa, alisema tu, "Kila watu na heshima zao. Chumba cha mwanangu ki wazi, na mgeni ni baraka wallahi." Lakini Baba naye hawezi kushinda siku nzima ndani ya nyumba ya mama wa watu. Kwa hiyo nimeomba ruhusa kazini, na kila asubuhi tunatoka kwenda kutembea.

Sasa sikiliza matembezi yenyewe. Fort Jesus alikaa kwenye kivuli cha ukuta, akafumba macho nyuma ya miwani, akaniambia, "Wewe nieleze tu." Nikamweleza mizinga na Wareno mpaka mate yakanikauka. Kule kwenye hifadhi ya wanyama ya Bamburi twiga alikula chakula mkononi mwake. Baba akacheka kama mtoto, macho yakiwa yamefumbwa. Siku ya Nyali ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alikunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, akasimama kuielekea bahari aliyoisubiri maisha yake yote, na hakuitazama.

Nikamwuliza, "Baba, mbona huangalii?"

"Nayapumzisha," akasema. "Mercyline ameniambia yakipumzika mwaka huu, mwakani nitaona vizuri. Bahari haiendi popote."

Dada, wewe ulimwambia hivyo ili kumtuliza. Mimi uliniambia alivyokueleza daktari wake kwa simu: kwamba hii presha ya macho imeshaua jicho la kushoto, na la kulia huenda lisifike mwaka mpya, na kwamba hata dawa haiwezi kurudisha kilichopotea. Ukaniamuru nisimwambie, nimtembeze tu afurahi, eti akijua atakufa moyo. Nami nilikubali, kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa wetu tangu Mama atutoke.

Lakini hukuwa hapa kuona. Ule uwongo wako umemfanya akiweke akiba kile kidogo kilichobaki, na akiba yenyewe inaoza. Nilijiona nimefungiwa chumbani na ufunguo unao wewe. Nikimwambia "tazama," ataniuliza kwa nini. Nikinyamaza, namsaidia kuwa kipofu kabla ya siku yake. Usiku nilikuwa namgombeza Lynnette kwa mambo ya chumvi, na chumvi haikuwa na kosa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu watoto wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Nilivumilia mpaka jana jioni. Tulikuwa barazani kwa Mama Mwanasaumu. Lynnette alimleta Kerubo, akampa Mama Mwanasaumu, naye akampakatisha Baba. Ndiyo mara ya kwanza Baba kumshika mjukuu wake huyu aliyepewa jina la Mama. Akampapasa paji la uso, akampapasa masikio, akatabasamu. Halafu akasema, "Na wewe pia nitakuona mwakani."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia, "Baba, fumbua macho. Mwakani hakuna."

Nilimweleza yote kama ulivyonieleza. Mama Mwanasaumu akainuka taratibu akaingia ndani, akafunga mlango. Baba alivua miwani, akamsogeza mtoto mbele ya jicho lake zima, akamtazama kipande kwa kipande: nywele, pua, mdomo, yale meno mawili. Kerubo alianza kulia, na bado hakumwachia.

Kisha akaniuliza ni nani aliyekataza asiambiwe. Nikakutaja. Nisamehe, ila baada ya kuficha wiki nzima sikuwa na nguvu ya kuficha na hilo.

"Nilimzika mama yenu na sikufa," akasema. "Mlidhani hili ndilo litaniua?"

Mimi nilikuwa nalia waziwazi kama Kerubo. Nilitarajia atanigombeza, au aniombe nimrudishe Nyali asubuhi akaione bahari. Nikamwambia kazini bado nina siku, twende popote apendapo. Akatikisa kichwa. Akasema bahari ni maji, na maji hata kwao yapo. Halafu akasema, "Mwambie Mercyline aje."

Nikamweleza habari za makaratasi yako ya kuishi Marekani. Nikamwambia kwamba ukitoka huko kabla hayajakamilika, huenda usiruhusiwe kuingia tena, na kwamba ndiyo maana hata Mama tulimzika ukiangalia kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akisikiliza visingizio vya wanafunzi wake.

"Sijauliza habari za kurudi kwake huko," akasema. "Nimesema aje."

Dada, sikuandikii ili nikulaumu. Nimewaza usiku kucha, na nadhani uliogopa neno hili hili. Kwamba siku atakayojua, atakuita, nawe huwezi kumwambia ndiyo wala hapana. Mlango ulionifungia mimi sasa nimekufungia wewe, na ninakuonea huruma kweli. Lakini tafadhali usinijibu kwamba utatuma dawa nyingine au miwani nyingine. Hajaomba hivyo.

Atarudi nyumbani Jumapili ijayo. Leo ameshinda barazani bila miwani, ananiuliza majina ya kila anayepita.

Nisalimie sana shemeji Maxwell, na shangazi Jerioth ukizungumza naye. Mama Mwanasaumu, ambaye hakujui, anakuombea dua njia yako iwe nyepesi, nami nasema amina. Mungu akulinde na kukuonyesha la kufanya, maana mimi silijui.

Nilimwuliza Baba nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Amesema nisiandike yoyote. Zake atakupa mwenyewe akikuona.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,

Dancun