Hotuba ya Koko Mbele ya Wageni

Jumapili jioni

Sijawahi kumwambia mtu: hata mimi nilitaka koko, babu yangu, anyamaze leo. Wageni wa mahari ya dada yangu walikuja kwa boti kutoka Yangambi, nikaogopa koko angesahau maneno ya hotuba mbele yao.

Tonton Idi, mwanawe mkubwa, alimwambia, "Papa, pumuzika. Mimi nitasema."

"Kinywa hiki ndicho kilikuombea mke wako kwa wazazi wake," koko akajibu. "Kiliharibika siku gani?"

Wageni wakacheka. Koko akaanza. Katikati akasahau jina la ukoo wao, akakwama. Tonton akadakia.

Mimi, nisiyeinua hata mkono darasani, nikasema, "Tonton, muache amalize!"

Wote walinigeukia. Nikabeba kiti changu, nikaketi ubavuni mwa koko. Alisema nusu saa nzima, nami sikuondoka.