Boliti Iliyopakwa Rangi ya Kijani

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Kamachumu. Mvua ilikatika mchana na migomba bado inadondosha maji. Mikono yangu inanuka petroli, sabuni haijasaidia. Nina furaha.

Naandika haraka kabla sijaanza kuona aibu.

Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikienda kwenye gereji ya Fundi Deo pale njia panda. Nasimama pembeni, naangalia. Wiki iliyopita alinigeukia: "Wewe binti, unataka kazi au unataka kivuli?" Nikasema kazi. Akanipa mtihani: pikapu ya baba mdogo, ile inayopeleka ndizi Bukoba. Nipange nyaya zake zote peke yangu, Ijumaa aje kukagua. Zikikaa sawa, Jumatatu naanza kujifunza kwake. Nikishindwa, naenda Kahororo kumsaidia shangazi dukani.

Shangazi ni mtu mwema. Lakini duka linataka mtu anayeongea.

Nyaya zenyewe zilikuwa kama utumbo wa mbuzi. Kila msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, baba mdogo na binamu zangu huvuta umeme wa pikapu kuwasha taa za kuwanasia. Msimu ukiisha taa zinatolewa, nyaya zinabaki. Nilikuta misimu minne au mitano imelala chini ya dashibodi, mingine imefungwa kwa tepu, mingine kwa kamba ya mgomba. Mahali pa fyuzi moja palikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Nilifuata waya mmoja mmoja kwa testa, nikaufunga kikaratasi chenye jina lake, nikakata usio na kazi. Jumatano nilikata wa honi kwa makosa, nikauunga kabla mtu hajaona. Hilo nakwambia wewe tu, daftari langu.

Jana mchana kila kitu kilikaa sawa, isipokuwa jambo moja. Ukikanyaga breki, indiketa ya nyuma kulia nayo inawaka hafifu.

Nilijua sababu.

Taa ile ina waya mweusi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi, ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Lazima chuma kiguse chuma. Sasa, kabla ya harusi ya binti yake, baba mdogo aliipaka pikapu rangi ya kijani kwa mkono wake mwenyewe. Alifungua taa, akapaka mpaka mahali pa boliti, kisha akafunga waya juu ya rangi. Umeme ukikosa njia yake, unapita kwa jirani.

Anaipenda rangi ile. Kuku akiruka juu ya bodi anafukuzwa kama mwizi. Kwa hiyo nikanyamaza. Nilibadilisha balbu mara mbili nikijifanya natafuta, naye ananifariji: "Nyaya za siku hizi, mwanangu, hazina kitu."

Leo asubuhi Bibi alikuwa anamenya ndizi. Akaniuliza nimekwama wapi, nikamnong'oneza. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Waitu! Sisi wanawake tulikusanya senene, tukawanyonyoa mabawa, tukawakaanga, wakala wanaume. Hata kuonja tulikatazwa. Tukanyamaza. Na wewe unanyamazia boliti?"

Fundi Deo alifika saa nane. Alimwambia baba mdogo akanyage breki, yeye akasimama nyuma.

"Hii indiketa inatafuta nini hapa?"

"Waya feki, Fundi!" baba mdogo akajibu kutoka ndani.

"Si waya," nikasema. "Baba mdogo, ni rangi yako."

Akatoa kichwa dirishani. "Rangi yangu?"

"Ndiyo. Shikamoo."

Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Sijui ilitoka wapi.

Fundi Deo alinipa msasa. Nilifungua boliti nikakwangua. Baba mdogo aligeuza uso kama mtu anayechomwa sindano. "Hapo panatosha, mwanangu. Panatosha!" Sikuacha mpaka chuma kikang'aa, upana wa kucha ya kidole gumba. Nikafunga.

Breki. Taa nyekundu ikawaka kwa nguvu. Indiketa ikabaki giza.

"Umejua lini?" Fundi akauliza, akitabasamu.

"Jana."

Akaacha kutabasamu. "Kwangu, kosa ulilolijua jana ukanyamaza, leo ni lako. Jumatatu saa mbili. Uje na ovaroli, na uje na mdomo."

Nimepata. Nimesoma sentensi hiyo mara tatu na bado ni kweli.

Sasa hivi, kupitia dirisha, namwona baba mdogo amechutama nyuma ya pikapu. Pembeni yake kuna kopo la rangi ya kijani. Mkononi ana bisibisi, na anafungua taa ya kulia.

Naacha hapa. Naenda kupiga kelele.