Walivyonizuia Langoni Diani

Dada Mwanaisha, shikamoo. Nakuandikia na hasira bado haijaniisha.

Likizo hii ya kuja nyumbani, tuliyoipanga nawe tukiwa huko Hamburg, ilianza vizuri. Ulisema tupande treni toka Nairobi kwa ajili ya mtoto, na kweli Salma alibandika pua dirishani mpaka akawaona tembo wa Tsavo. Lakini tulipofika hotelini Diani, mlinzi alimwona Mzungu, akawapitisha Salma na baba yake, akanizuia mimi.

"Yaya huingilia mlango wa nyuma," akasema.

"Yaya wa nani? Mtoto huyu nimemzaa mimi, na mimi ni mzaliwa wa Mwabungo, kijiji cha hapa jirani!"

Mlinzi akamtazama mume wangu. Nami nikangoja Jens aseme neno. Unajua alisema nini? "Tuzunguke tu, mpenzi, mtoto amechoka."

Hilo ndilo lililonikata maini. Nikamshika Salma mkono, nikaita tuktuk, tukaenda kwa shangazi. Sasa mtoto anakula mahamri kwa mbaazi, mchuzi wa nazi umemfika masikioni. Jens amekuja kuomba radhi mara mbili. Shangazi amempa chai. Mimi sijampa jibu.

Nibusie wanao, na Mungu awahifadhi nyote.

Mdogo wako,
Mwanajuma