Kwa Bosi Wetu, Uliyekuwa Mtulivu Mno

Mwaka umetimia sasa, Bosi, tangu utuache ukiwa na siku kumi na moja tu. Baba yako ndiye aliyekuita hivyo, maana ulipoingia nyumbani sote tukawa tunakwenda kwa amri yako.

Siku ya nne ukaanza kulala sana. Nikikupa ziwa unashika kidogo, unaachia. Jirani akasema, "Una bahati, mwenzangu. Wangu alinitoa roho kwa kulia." Nikacheka, nikaenda kufua nguo zako. Moyo ulikuwa unaniambia kitu, lakini nilihofia kuonekana sijui kulea. Siku mbili nzima nikajisifu nimepata mtoto mpole.

Shangazi yako alipokuja kukuona alikufinya unyayo. Hukushtuka. "Wifi, huyu halali. Huyu anaumwa. Vaa viatu."

Kwenye chumba cha watoto mahututi walikulaza ndani ya sanduku la kioo, mirija puani. Daktari akasema maambukizi yameshaingia kwenye damu. Nilikaa pale na kikombe cha maziwa niliyokamua. Mashine ikilia siangalii mashine, naangalia uso wa nesi.

Baba yako, na ufundi wake wa viatu, alirudishwa bombani kunawa mikono mara tatu. "Sista, huu si uchafu, ni gundi." "Basi itoe hiyo gundi." Akajisugua na msasa wake wa soli mpaka vidole vikawa vyekundu. Alipopitisha kidole kwenye tundu la sanduku, ukakishika. Alisimama saa nzima, mguu umekufa ganzi. "Bosi hajaniruhusu kuondoka," akasema.

Kina mama mnaosoma hapa, mtoto mchanga akilala mpaka anasahau kunyonya, msimsifu. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Wakiwacheka, wacheke. Mimi nilichelewa siku mbili.

Dada yako ameanza shule, Bosi. Akilala mchana namtikisa. "Mama, nimelala tu," ananiambia, anageukia ukutani. Nabaki pale kitandani nasikiliza anavyopumua.

Tunaokukumbuka ni mama yako, baba yako ambaye kidole kile bado anakitazama, dada yako, na shangazi yako aliyekufinya unyayo. Hutatutoka moyoni kamwe.

Sasa lala, mwanangu. Sikuamshi tena.