Nilisahihisha Sentensi, Sikuuona Mlango

Shikamoo Bibi. Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi, maana hiyo ndiyo saa niliyopewa, na mume wangu ameshachoka kunisikiliza.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha watu wazima kumi na mmoja ndani ya kiwanda cha kushona sare, Jumanne na Alhamisi baada ya zamu, kwenye stoo iliyoondolewa marobota ya vitambaa ikawekwa ubao. Hawa si watu wa kuanza na a, e, i, Bibi, wanaongea, wanawaandikia wateja, wanataniana kwa Kiingereza, wamebakiza mtihani mmoja tu, majina yao yameshapelekwa, na wakifaulu watapandishwa kuwa wasimamizi, lakini kuna somo moja liliwakaa kooni, tunaliita vishazi nomino, yaani sentensi ndogo inayoingia ndani ya sentensi kubwa na kukaa mahali ambapo jina la kitu lingekaa, kama mtu akisema "sijui funguo ziko wapi" au "alichosema kimeniudhi", na kwa Kiingereza wao kila wakifika pale ndani wanapanga maneno kama wanaouliza swali, na mimi kwa wiki tatu nikawa nawapa mifano ya kitabuni, "najua kwamba anga ni la buluu", "sijui maktaba iko wapi", wanapiga miayo na kukosea vilevile.

Basi Alhamisi moja nikafunga kitabu kwa hasira, nikawaambia kila mtu aandike sentensi tano za kwake, za kazini kwake, zianze na "nisichoelewa ni" au "kinachonishangaza ni" au "tungependa kujua", na Bibi, waliinama wakaandika kama watu waliokuwa wanasubiri kuruhusiwa, nusu saa nzima, na nilipokaa nyumbani kusahihisha nilikaribia kulia kwa furaha, mpangilio ulikuwa sawa karatasi baada ya karatasi, nikatia alama za vema, nikaandika "Safi sana!" kwa wino mwekundu, nikaenda kuzibandika ukutani.

Jumanne iliyofuata meneja akaleta wageni, wanunuzi wa sare, awaonyeshe jinsi anavyowaendeleza wafanyakazi, na mgeni mmoja, mama wa makamo, akavaa miwani akaanza kuusoma ukuta, akasoma, akasoma, mwisho akauliza kwa upole, "Huu mlango ni upi?"

Ndipo na mimi nikasoma. Tisa kati ya kumi na moja walikuwa wameandika kuhusu mlango wa nyuma wa ukumbi wa cherehani. Nisichoelewa ni kwa nini mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli sisi tukiwa ndani. Tungependa kujua nani ana ufunguo. Kinachonishangaza ni kwamba mwenye ufunguo ni mlinzi, na mlinzi anakaa getini. Na chini ya kila moja, mwandiko wangu: Safi sana!

Meneja ameniambia kufuli limewekwa kwa sababu vitambaa vilikuwa vinaibwa kupitia mlango ule, na ameniandalia barua nitie sahihi, inasema zile sentensi nilizitunga mimi, ni mifano ya darasani, haihusu kiwanda. Nikitia, darasa linaendelea hadi mtihani, wiki tano zijazo. Nisipotia, darasa limekufa. Mume wangu anasema, "Si karatasi tu? Tia, maisha yaendelee." Lakini mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, tunamwita Mama Pasi kwa sababu kazi yake ni kunyoosha sare, alinishika mkono koridoni akaniambia, "Mwalimu, kwa lugha yetu tulishasema mara tatu, tukaambiwa tunalalamika. Tukadhani kwa Kiingereza chako tutasikika. Kwani wewe ulisoma nini?"

Bibi, nitie sahihi niwaokolee darasa lao, au nikatae niwaponze?

Mimi mwanao,
Mwalimu wa Kalamu Nyekundu

BIBI ANAJIBU

Marahaba. Vuta kiti, maana leo utasemwa.

Mimi niliishia darasa la tatu. Hivyo vishazi vyako sivijui kwa jina na sitaki kujulishwa. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, na kitu nilichokiona mara ya kwanza ni mlango. Wewe mwenye vyeti umekaa na karatasi kumi na moja mezani kwako, tisa zinapiga kelele, na unachoona ni mpangilio wa maneno. Mtu anakuambia amefungiwa ndani, unampa vema. Safi sana! Safi nini? Angeandika nyumba inaungua ungemwongezea nyota?

Nimeshakugombeza, sasa pumua. Hukuwa na nia mbaya. Na somo lako lilikuwa zuri, usije ukaniambia unarudi kwenye anga la buluu. Anga ni la buluu, nani hajui? Ndiyo maana walikuwa wanapiga miayo. Watu wazima hawakosi akili, wanakosa sababu ya kufungua mdomo. Wiki tatu za maktaba hawakupata hata moja, siku moja ya mambo yao wakapata zote. Mwalimu mwenzio akikuuliza siri ya somo hilo, mwambie hiyo. Ila mwambie na sehemu ya pili: ukimwomba mtu akuambie asichokielewa, umeshajifunga kumsikiliza.

Haya, barua ya huyo meneja. Usitie sahihi. Sirudii. Anataka useme maneno ya watu tisa ni yako, uliyatunga, umeota. Watu hao wamesema mara tatu hawakusikika, wakakopa lugha ya mgeni wasemee, na sasa wewe, mwalimu wao, ndiye uwafute kwa kalamu? Bora hata meneja, yeye alijifanya hasikii tu. Na hicho kisa cha wizi kisikubabaishe. Anaogopa vitambaa vitatoka, haogopi kwamba watu hawatatoka. Mwizi wa vitambaa atafutwe mlangoni, awekwe mtu wa kukagua mikoba, mlango ubaki na komeo la ndani.

Mimi nimepika jikoni kwenye hospitali miaka ishirini na saba. Siku moja mafuta yalishika moto. Tulikuwa wanawake kumi na wanne na mlango mmoja wa nyuma wenye komeo la kusukuma kwa kiwiko. Tulitoka wote, na mmoja alirudi kuchukua viatu vyake, mjinga yule, tukamvuta kwa kanga. Tunacheka hadi leo kwa sababu komeo lilikuwa upande wetu. Mumeo anayesema ni karatasi tu, muulize kama yeye kazini kwake anafungiwa kwa nje kama kuku.

Unauliza uwaokoe au uwaponze. Na wewe nani amekupa kuwaamulia? Wamezidi umri wa kuamuliwa, wengine wana wajukuu. Jumamosi hii nenda kwa Mama Pasi, umwombe awakusanye wenzake. Usimame mbele yao bila chaki. Uwaambie, "Nilisahihisha, sikusoma, nisameheni." Msamaha ni wa hao, meneja hana chake hapo. Halafu uwaulize wanataka nini, unyamaze. Kunyamaza ni kazi, najua, walimu hamuwezi, jaribu.

Wakisema waandike barua, waandike wenyewe, kwa lugha zote mbili, wewe usaidie wakikwama. Jina la kwanza chini liwe lako, maana wewe ndiye uliyebandika ukutani. Nakala moja kwa ofisi ya ukaguzi wa viwanda, nakala moja kwa zimamoto, na nakala moja kwa yule mama wa miwani, kwa sababu aliuliza swali na hajajibiwa. Wakisema wanaogopa, usiwalazimishe na usiwanunie. Barua ya ukaguzi utaipeleka peke yako bila jina la mtu hata mmoja. Usijifanye shujaa kwa shingo za wenzio.

Na darasa je? Eti limekufa! Stoo ndiyo ya meneja, wanafunzi si wake. Mtihani hatungi yeye wala hasahihishi yeye, na majina umesema yameshakwenda. Hamieni sebuleni kwa Mama Pasi. Ubao ni nini? Geuzeni mlango wa kabati, andikeni juu yake. Wiki tano watu kumi na mmoja wakibanana kwenye makochi, wakiandika mambo yanayowauma, watafaulu mpaka mtungaji wa mtihani ashangae. Na wakishakuwa wasimamizi, waje wafungue milango.

Mhariri wa gazeti hili ana tabia ya kunipunguzia maneno. Leo asiguse hata nukta.

La mwisho. Jumatatu usiende moja kwa moja ofisini kwa meneja. Fika mapema, zunguka ndani, upite katikati ya cherehani mpaka nyuma kabisa, uusukume ule mlango kwa mkono wako mwenyewe. Ukifunguka, njoo unitukane. Usipofunguka, nenda saa tatu yako ukaingie kwa huyo bwana. Utakuwa unajua cha kumwambia, na hutahitaji kitabu wala Bibi.